Victorine Alivyokula Saladi Peke Yake

Kwa misimu minne ya mvua Victorine alichoma mahindi kwenye kona ya barabara yetu, pale Bel-Air, mbele ya ukuta wa fundi wa magurudumu. Alifika saa nane mchana, mbabula yake, jiko la makaa, kichwani na mtoto wake Léa mgongoni. Léa alipoanza kukataa mgongo, alimshika mkono. Aliwasha moto kwa kipande cha katoni, akapanga mahindi, akakaa kwenye kiti kifupi bila kuita mteja hata mmoja. Wauzaji wengine waliita. Yeye alingoja uje.

Alikuwa mwanamke wa kuogopa. Aliogopa mbwa wa nyumba za matajiri, mapolisi wa barabarani, radi, na watu wanaonunua bila kusalimia. Ukimwita kutoka nyuma, aligusa kwanza kifua chake, halafu ndipo aligeuka. Lakini mahindi aliyageuza kwa vidole vitupu juu ya makala mekundu, na sikuona hata siku moja akipuliza vidole.

Alizaliwa Kasungami, ambako mama yake bado analima mahindi na mihogo nyuma ya nyumba. Alisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari. Halafu alijifunza kushona, halafu akaolewa na Paulin, mchomeleaji vyuma, kijana wa familia ya Wakatoliki waliotoka kaskazini enzi za babu yao, aliyeletwa na kazi ya reli. Walikaa katika komini ya Kenya, mtaa mwingine wa mji wetu, nyumbani kwa mama wa Paulin, Mama Madeleine. Miaka miwili iliyopita Paulin alipata kazi Kolwezi, akawa anarudi mwisho wa mwezi kwa siku mbili, akilala sana na kuongea kidogo. Siku nyingine zote, Victorine alibaki na mama mkwe.

Tumbo la Mama Madeleine lilianza kuuma mwezi wa kumi. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo, akaandika vidonge, akamkataza pilipili na chai kavu. Mama Madeleine alimeza vidonge kwa wiki moja, akapata nafuu, akaviacha, tumbo likarudi. Ndipo binti yake wa kwanza, Christiane, alipomchukua kimyakimya mpaka kwenye chumba cha maombi, bila padri wao kujua. Huko mwanaume mmoja alifumba macho, akamwekea mkono kichwani, akasema ugonjwa huu unatoka ndani ya sufuria. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja ya kulitaja, kwa sababu mle ndani ya nyumba mpishi alikuwa mmoja.

Kwetu, mwenye kupika kuonja mbele ya mgeni ni adabu tu. Unachukua tonge dogo, unameza, unasema karibuni, watu wananawa. Hata Victorine alikuwa akifanya hivyo tangu siku ya kwanza ya ndoa yake. Lakini tangu siku ile ya maombi, adabu iligeuka kitu kingine. Mama Madeleine alianza kuchagua mwenyewe tonge la kuonjwa. Alilikata katikati ya bukari, ugali wetu, si pembeni. Alichovya katika mchuzi upande wake, si upande wa Victorine. Alisema neno moja: "Onja." Halafu alimtazama mkwe wake kooni, mpaka aone limeshuka, na akangoja tena kwa muda wa kusali Salamu Maria mbili au tatu, midomo yake ikitikisika. Siku nyingine, hata baada ya hapo, alisukuma sahani na kula mkate mkavu.

"Sijui kama alikuwa anasali ju yangu ao ju yake," Victorine aliniambia.

Kilichomtisha zaidi hakikuwa mama mkwe. Jioni moja alimpa Léa uji. Léa, mwenye umri wa miaka minne, aliweka mikono magotini, akamtazama kooni, akasema, "Onja, mama." Alisema bila ubaya wowote, kama mtoto anavyosema amina.

Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, Christiane alikuja Kenya akamkuta anafua. Hakukaa.

"Mama Léa, jumapili kiisha misa tutaikala sisi bote. Baba Osée anatoka Likasi."

"Ju ya nini, yaya?" aliuliza Victorine, akimwita dada mkubwa kama desturi yetu.

"Unajua ju ya nini. Mama anakauka, ona vile amekuwa. Tutasikia bantu bote. Kama mambo itaonekana, utarudia kwenu."

"Na Léa?"

Christiane alishangaa kwamba hata swali hilo linaulizwa. "Léa ni mutoto wa huku. Ataenda na wewe wapi?"

Victorine alimpigia Paulin simu. Paulin alisema, kelele za mashine nyuma yake, kwamba ni maneno ya wanawake, yatapita, apike vizuri wale vizuri. Halafu mtandao ukakatika.

Kesho yake, jumamosi, nilipoenda kununua mahindi nilimkuta hajawasha moto. Alikuwa amekaa na mahindi mabichi katika maganda yake, Léa amelala kwenye katoni. Aliniuliza swali ambalo sikulielewa mwanzoni.

"Mademoiselle, ile chakula ya mahindi ulinionyeshaka mu telefone, ya bantu ba Meksiko. Inapikwaka mu sufuria?"

Nilikuwa nimemwonyesha video yake wiki nyingi kabla, kwa mchezo tu, kwa sababu wanawake wa kule walikuwa wanachoma mahindi barabarani kama yeye. Niliitafuta tena. Hapana, nikamwambia, haipikwi katika sufuria. Mahindi yanachomwa mpaka yaungue kidogo, punje zinakatwa kwa kisu, zinachanganywa katika bakuli na mayonezi, ndimu, kitunguu, majani mabichi na jibini. Juu yake wananyunyiza pilipili ya unga.

"Na mufuniko?"

"Haina mfuniko."

"Bantu bote banaona kila kintu inaingia?"

"Wote wanaona."

Alifumba macho kidogo. Halafu akanieleza yote ambayo nimeyaandika hapa juu. Kama jumapili angewapikia bukari na samaki, alisema, angepika jikoni, na jikoni kuna giza na kuna mfuniko. Wangesema kitu kiliingia wakati wa kufunika. Lakini chakula hiki angekitengeneza katikati ya uwanja wa nyumba, mchana, mbele ya macho yao. Nani angeweza kusema kitu?

Nilimsomea maelezo mara mbili, polepole. Jibini la kule hatuna, nikamshauri atumie lile laini linalouzwa katika vipande vidogo vilivyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Majani yao hatuna, akasema ataweka majani ya kitunguu. Nilifurahi kuwa wa msaada. Kuhusu pilipili, jinsi ingeonekana, hatukufikiri, si mimi wala yeye. Alisema tu kwamba angewawekea wengine, na sahani ya Mama Madeleine angeiacha nyeupe, kwa sababu ya tumbo.

Jumapili jua lilikuwa kali, baada ya mvua ya usiku. Walikaa chini ya ukingo wa bati: Mama Madeleine kwenye kiti chenye mto, Christiane karibu naye, na Baba Osée, mdogo wa marehemu baba wa Paulin. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minane aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Majirani wawili waliingia kusalimia, wakaona nyuso, wakakumbuka kwamba wana kazi.

Victorine aliweka mbabula katikati ya uwanja. Alimenya mahindi mbele yao, akayachoma, akayageuza kwa vidole. Harufu ilienda mpaka kwa Baba Osée.

"We! Mahindi!" alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Mi sina meno ya mahindi, mutoto. Munaniita Likasi kote kuya kuangaria bengine banakula?"

"Nitakata, baba. Itakuwa yororo."

"Ah. Basi ikala ukate."

Christiane hakucheka. Alikuwa anatazama mikono. Victorine alikata punje, zikaanguka katika bakuli kubwa la plastiki. Aliweka kitunguu. Aliweka majani na jibini. Alikamua ndimu. Alikuwa anasema kila jina, kama mwalimu: hii kitunguu, hii ndimu. Alifungua kifuko cha mayonezi, ile inayouzwa dukani kwa kijiko kutoka ndoo kubwa, na hapo hofu ya kwanza ikamgusa. Umeme ulikuwa umekatika mtaani tangu alhamisi. Friji ya duka ilikuwa imezimwa kwa siku tatu. Alinusa. Ilikuwa na uchachu, lakini mikono yake ilikuwa na ndimu, na hakuweza kujua uchachu ni wa wapi. Watu watatu walikuwa wanamwangalia akinusa. Akamimina.

"Ile nyeupe njo nini?" Mama Madeleine aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mayonezi, mama. Ya ku boutique ya pa kona."

"Mmh."

Alichanganya, akagawa katika sahani nne. Halafu alikumbuka pilipili. Asubuhi aliifunga katika fundo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga juu ya gauni, pale kiunoni ambapo wanawake wote wanafunga hela, ili Léa asiichezee na kujipaka machoni. Alifungua fundo. Alitoa karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Alichukua unga mwekundu kwa vidole viwili, akanyunyiza juu ya sahani ya Baba Osée, juu ya ile ya Christiane, juu ya yake. Sahani ya Mama Madeleine aliiruka.

Aliniambia kwamba alijua kosa lake kabla hajainua macho. Léa, aliyekuwa anaimba peke yake mlangoni, aliacha.

"Umetoa nini mu kikwembe?" Christiane aliuliza.

"Ni pilipili, yaya."

"Pilipili inafungiwaka mu kikwembe?"

"Ni ju ya mutoto..."

"Na mama, mbona haukumuwekea?"

"Daktari alikatazaka..."

"Sikieni!" Christiane alisimama. "Anachagua nani wa kuwekea na nani wa kuruka! Mbele ya macho! Mi nimeona, Baba Osée ameona. Unga mu karatasi, karatasi mu fundo!"

"Anasema nini?" aliuliza Baba Osée, mkono sikioni.

"Anasema sumu!" Mama Madeleine alimpigia kelele sikioni, na neno lile, lililokuwa likizunguka nyumba ile tangu mwezi wa kumi bila mtu kulitamka, lilisikika mpaka barabarani.

Baba Osée alirudisha sahani yake mezani polepole kwa vidole vitano, kama mtu anayeweka chini yai.

Victorine aliona Christiane akimtazama Léa. Haikuwa kwa chuki. Ilikuwa jinsi mtu anavyotazama mzigo wake katika gari, kuhakikisha kwamba upo. Alichukua kijiko akaanza kula. Alimaliza sahani yake. Akavuta ya Christiane, akaimaliza. Akavuta ya Baba Osée. Pilipili ilikuwa nyingi, machozi na kamasi vilikuwa vinashuka, akavifuta kwa mgongo wa mkono na kuendelea. Hakusikia ladha ya mahindi. Alisikia mayonezi tu, na kila kijiko kiliongeza uchachu, na kwa kila kijiko alijiuliza kama siku tatu bila umeme zinatosha kuharibu ndoo nzima. Alikula sahani ya Mama Madeleine, nyeupe. Alikwangua bakuli. Chakula cha watu wanne kiliingia katika mwili wa mwanamke mwembamba, na hakuna aliyemzuia.

"Nimeonja," alisema.

"Tutangoya," alisema Christiane. "Kama iko safi, itaonekana."

Wakangoja. Victorine alikaa kwenye kiti chake kifupi, mikono magotini. Kengele ya misa ya pili ililia kwa mbali. Makala yalififia. Tumbo lake lilianza kujaa, halafu kukaza, halafu kitu kikaanza kupanda na kushuka ndani yake. Alibana meno. Jasho lilitoka juu ya mdomo, na aliogopa kulifuta, wasilione.

"Anatoka jasho," Mama Madeleine alinong'ona.

"Ni pilipili," alisema Baba Osée. "Hata mi nilikuwa nitatoka jasho."

"Akitapika, mambo imekwisha," Christiane alisema. "Sumu inamurudia mwenyewe. Kila muntu atajua."

Baba Osée aliomba arudie. Alirudia. Mzee akatikisa kichwa.

"Apana. Apana, binti. Wewe haujui. Kwetu kule, nkambo yangu, baba ya baba, alinielezaka ile ya mwavi. Banamunywesha muntu ile maji ya miti. Mwenye kutapika, njo ule iko safi. Banamupigia kigelegele. Mwenye kubakia nayo mu tumbo, njo mulozi."

"Ile ni mambo ya bapagano!"

"Na ile chumba ya maombi kwenye ulipeleka mama yako, ni ya padri?"

"Baba Osée, tumekuita kusaidia!"

"Mi ninasaidia. Ninasema akitapika mumuache."

"Na asipotapika?"

Mzee alifikiri. Alimtazama Victorine kwa huruma kidogo, na kwa mara ya kwanza kiti chake kilirudi nyuma. "Asipotapika... basi pale ni nguvu ya bulozi."

"Bongo, si kweli!" Mama Madeleine alilia. "Asipotapika iko safi! Mi nataka iwe safi, mi nachoka kula mukati mukavu!"

Wakaanza kugombana wote watatu, kwa Kiswahili, Kiluba na Kifaransa. Victorine alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwao na kile kitu kikimpanda kooni. Alielewa kwamba kitoke au kibaki, hapo uwanjani kulikuwa na mtu tayari kumhukumu. Pale ndipo hofu ilipofika mwisho wake. Aliniambia ilikuwa kama kufika ukutani gizani: haukuwa ujasiri, ila hapakuwa tena na mahali pa kurudi nyuma.

Alisimama. Alienda mlangoni, akainama, akamweka Léa mgongoni, akamfunga kwa kile kikwembe, ijapokuwa Léa alikuwa mkubwa na miguu yake ilining'inia.

"Unaenda wapi na mutoto?" Christiane alisema, akapiga hatua moja mbele yake.

Victorine hakujibu, kwa sababu hangeweza kufungua mdomo. Alitembea tu kumwelekea. Alikuwa na macho mekundu ya pilipili, uso umelowa, midomo imebanwa. Christiane alinyoosha mkono ili amshike begani, na mkono ule ukasimama hewani, karibu kabisa, vidole vimekunjuka. Haukugusa. Halafu Christiane akarudi pembeni na kujishika mkono wake mwenyewe, kama umeungua.

Victorine akapita. Nyuma yake alisikia Baba Osée akiuliza, "Anasema nini?"

Alipata pikipiki karibu na soko. Njia yote mpaka Kasungami alibana meno na kusikiliza kama kuna pikipiki nyingine inayofuata. Kwa mama yake alimweka Léa mlangoni, akaenda mbiombio nyuma ya nyumba, kati ya mahindi, akatapika mpaka akapiga magoti. Alichimba kwa mikono, akafunika kwa udongo, akakanyaga, akavuta majani juu yake. Mama yake alipomuuliza kwa nini mikono yake iko na matope, alisema alianguka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Sasa ni mwezi wa saba, mahindi mabichi yamekwisha, na Victorine anauza vitumbua mbele ya nyumba ya mama yake. Nilienda kumtembelea mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kumwomba msamaha kwa ile video. Alinikatiza, akasema mahindi ya Wameksiko hayana kosa, pilipili ndiyo alipaswa kuiweka mezani. Léa yuko naye. Hakuna aliyekuja kumchukua. Christiane amesema mbele za watu kwamba yeye hataingia uwanja huu wa Kasungami, na Mama Madeleine, nasikia, amerudi kwa daktari na anameza vidonge vyake, lakini hataki kuongea habari ile. Pikipiki yoyote ikipunguza mwendo barabarani, Victorine anaacha kugeuza vitumbua na kumwita Léa ndani.

Paulin anakuja mwisho wa mwezi kama zamani, ila sasa anashukia Kasungami. Analeta mafuta na unga. Anasema anatafuta chumba Kolwezi kwa ajili yao watatu. Siku moja, baada ya kula, alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, bila kumtazama: siku ile, kiisha kula, ulitapika ao haukutapika?

"Ukamujibu nini?" nilimuuliza.

"Nilisema sikumbuki." Alikuwa anachota vitumbua kutoka kwenye mafuta, kimoja kimoja, vidole vyake karibu na moto. "Iko bwana yangu, ninamupenda. Lakini sijui yeye iko upande gani. Ya Christiane, ao ya Baba Osée? Mpaka nijue, sitasema."